Moto wa Wasafiri: Uyoga wa Gogo na Elimu ya Kuwasha Moto Katika Njia ya Tabora

KATIKA Suratul Waaqi'ah, aya ya 71 hadi ya 73, Mwenyezi Mungu (S.W.) anamtaka mwanadamu autazame moto anaouwasha, kisha ajiulize ni nani aliyeuumba mti wake. Mwishoni mwa aya hizo moto umetajwa kuwa ni ukumbusho, na kuwa ni manufaa kwa watu wanaoitwa kwa Kiarabu muqwiin. Wafasiri wengi wamesema kuwa hao ni wasafiri, yaani watu walioshuka katika nyika tupu, mbali na nyumba na jirani.

Sisi tunaopika kwa gesi na kuwasha jiko kwa njiti ya kiberiti huzipita aya hizi upesi. Hatuoni shida iliyokuwamo katika kuupata moto, kwa hiyo hatuioni neema yake. Lakini katika ardhi yetu wenyewe iko njia ambayo kwa miaka mingi ilipitwa na maelfu ya hao muqwiin. Nayo ni njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapanda Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikaingia Unyanyembe, ambayo ndiyo Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji katika Ziwa Tanganyika. Kila jioni katika njia hiyo palihitajika moto, na moto huo ulipatikana kwa elimu.

Makala haya yanaitazama elimu hiyo, na hasa sehemu yake moja ambayo imesahauliwa kabisa: kazi ya uyoga mgumu unaoota juu ya magogo. Tutaona namna uyoga huo unavyopokea cheche na kuihifadhi, na kwa nini moto wa namna hiyo, unaoungua pasipo mwali, unazihusu familia zetu hata leo.

Safari ya miezi na moto wa kila jioni

Ili tuujue uzito wa jambo hili, tuitazame safari yenyewe. Wazungu wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka pwani mwezi Juni 1857, wakaingia Kazeh, ambayo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka huo huo. Huko walipokewa kwa ukarimu na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir. Henry Stanley, aliyeondoka Bagamoyo na kundi lake la mwisho mwezi Machi 1871, alifika Kwihara, karibu na Tabora, tarehe 23 Juni. Aliyekwenda haraka alitumia miezi mitatu hivi, na aliyechelewa alitumia zaidi ya minne.

Waliobeba mizigo ya safari hizo walikuwa wapagazi, na mashuhuri zaidi miongoni mwao walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba mzigo wa hadi frasila mbili, yaani takriban kilo 32, za vitambaa, ushanga, waya au pembe. Mbele yao alitangulia kirangozi na bendera. Nyuma na kati yao walikuwamo wanawake, wake wa wapagazi na wengineo, ambao mara nyingi ndio waliobeba vyungu na kuivisha chakula. Kambi ilipopigwa, uzio wa miiba ulizungushwa, na ndani yake watu walijigawa katika makundi madogo ya kupika, kila kundi na mafiga yake.

Pasipo moto, uwele na mtama havikuivishwa, na baridi ya usiku wa Unyamwezi katika miezi ya Juni na Julai haikustahimilika. Simba na fisi nao walikaribia. Ilikuwapo sehemu moja iliyoogopwa kuliko nyingine, nayo ni Mgunda Mkali, pori lililotenganisha Ugogo na vijiji vya kwanza vya Wanyamwezi. Humo maji yalikuwa haba na makazi machache mno. Aliyeingia Mgunda Mkali hakuwa na jirani wa kumwomba kaa la moto, kwa hiyo alilazimika kuingia na moto wake au na elimu ya kuuzalisha.

Hatuwezi kuisimulia njia hii kwa kusifu ushujaa wa wapagazi na utajiri wa wafanyabiashara peke yake. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa waliotoka Manyema na nchi za ng'ambo ya ziwa, wakaota moto huo huo wakiwa wamefungwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara yenyewe iliendelea bara kwa miaka kadhaa baadaye. Miongoni mwa walioifanya walikuwamo Waislamu. Kulikiri hilo hakuupunguzi Uislamu kitu, kwani dini haikuwaamuru kufanya dhuluma ile. Anayewafundisha watoto wake habari za Tabora na awafundishe zote.

Vijiti viwili

Njia kongwe ya kuupata moto katika nchi yetu ni kupekecha. Kamusi za zamani za Kiswahili zimehifadhi maneno ulindi na wimbombo kwa vijiti vya kazi hiyo, nalo neno upekecho lingali likieleweka na wazee wengi. Kijiti cha mti mgumu husimamishwa juu ya kibao cha mti laini uliokauka vizuri. Hushikwa kati ya viganja viwili na kuzungushwa kwa kasi huku mikono ikishuka kutoka juu kwenda chini. Wakiwa watu wawili hupokezana, ili kijiti kisipate kusimama hata kidogo.

Msuguano hutoa unga mweusi wa kuni. Unga huo hujikusanya katika kijitundu kilichochongwa pembeni mwa kibao, hufuka moshi, na hatimaye hupata chembe nyekundu. Chembe hiyo bado haijawa moto wa kupikia. Ni kaa dogo kuliko punje ya mtama, na likiachwa peke yake hufa kwa muda mfupi. Hapo ndipo linapohitajika jambo la pili, yaani kiwashio: kitu kikavu, chepesi, chenye nyuzi nyingi, kitakachoipokea chembe ile, kuilea, na kuikuza hadi nyasi na vijiti viweze kushika mwali.

Elimu hii haikuzikwa yote. Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi wangali wakipekecha moto kwa vijiti, na Wamaasai pia wanaujua ufundi huo, wakitumia kinyesi kikavu cha wanyama kuwa kiwashio.

Waarabu wa Hijazi nao walikuwa na miti yao. Wafasiri, akiwamo Ibn Kathir, wanapoieleza aya ya 80 ya Suratu Yasin, inayosema kuwa Mwenyezi Mungu amewajaalia watu moto kutokana na mti wa kijani, wameitaja miti miwili, markh na afaar, ambayo matawi yake yalisuguliwa yakatoa moto. Kwa hiyo aya hiyo ilipowashukia watu wa Makka iliwakumbusha jambo waliloliona kwa macho yao. Mnyamwezi wa Unyanyembe aliyesomewa aya hiyo hakuhitaji maelezo marefu, kwa kuwa na yeye alikuwa na vijiti vyake.

Jiwe la gumegume na cheche yake

Njia ya pili ilikuja na biashara. Bunduki zilizoletwa kwa wingi kutoka pwani katika karne ya 19 zilikuwa za gumegume, yaani zilizowashwa kwa jiwe gumu lililogonga chuma. Bunduki hizo ndizo zilizotumika katika vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871. Na baruti ndiyo aliyojilipulia Mtemi Isike wa Unyanyembe mwaka 1893, Wajerumani walipoivunja ngome yake, akaona kufa ni bora kuliko kutekwa.

Jiwe linapogonga chuma cha pua hukwangua vipande vidogo mno vya chuma, na vipande hivyo huwaka vikiwa hewani. Hizo ndizo cheche. Suratul Aadiyaat, katika aya yake ya pili, inawataja farasi wanaotoa cheche kwa kwato zao, na asili ya jambo ni hiyo hiyo: kitu kigumu kugongana na jiwe.

Lakini cheche ni ndogo kuliko kaa la upekecho, na uhai wake ni mfupi zaidi. Nyasi kavu peke yake ni vigumu kuipokea, na kipande cha kuni hakiwezi kabisa. Anayewasha kwa jiwe na chuma hana budi kuwa na kiwashio laini kuliko nyasi. Watu wa mataifa mbalimbali wametumia pamba au kitambaa kilichounguzwa nusu hadi kikawa cheusi. Wengine wametumia uyoga.

Uyoga usioliwa

Mtu wa Tabora akisikia neno uyoga hukumbuka masika. Mvua zikinyesha, kuanzia Novemba hadi Aprili, msitu wa miombo hutoa uyoga wa chakula wa namna nyingi, na mwingine huota juu ya vichuguu. Familia nyingi hupata kitoweo na fedha kutokana na uyoga huo. Wataalamu wameuandika kwa makini. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu kizima kuhusu uyoga wa Tanzania.

Uyoga tunaouzungumzia hapa ni mwingine. Hauna shina wala mwavuli. Huota ubavuni mwa mti unaozeeka au gogo lililoanguka, ukajitokeza kama rafu ndogo au kama ukwato wa mnyama. Ni mgumu kama ubao, na aina nyingine huishi miaka mingi, kila mwaka ukiongeza tabaka jipya chini yake. Katika misitu yetu zimo jamaa zake kadhaa, zikiwamo zile ambazo wataalamu wanaziita Phellinus, Ganoderma na Trametes. Sisi tutauita kwa jina la kawaida, uyoga wa gogo.

Uyoga huu haukuumbwa bure. Kazi yake ni kuila kuni iliyokufa na kuirudisha udongoni, na pasipo viumbe kama hivyo magogo yangerundikana msituni. Mwili wake umefumwa kwa nyuzi nyembamba mno, zilizoshikamana na kuacha nafasi ndogo ndogo za hewa kati yake. Ukikauka vizuri, nyuzi hizo huipokea chembe ya moto na kuipitisha polepole kutoka uzi hadi uzi. Hautoi mwali. Hubakia na doa jekundu linalotambaa ndani, na kipande kikubwa huweza kukaa na moto kwa saa nyingi.

Hapo ndipo inapoonekana thamani yake kwa msafiri. Kwanza, unga wake uliokwanguliwa huipokea chembe ndogo ya upekecho na kuifanya kubwa. Pili, kipande kizima kilichoshika moto huweza kubebwa kutoka kambi hadi kambi, na jioni kikapulizwa juu ya nyasi kavu, basi mpekechaji hana haja ya kuanza upya.

Kila nchi katika njia ile ilitoa kiwashio chake. Pwani yalikuwapo makumbi ya nazi. Ugogo, penye ng'ombe wengi na miti michache, kilikuwapo kinyesi kikavu. Msafiri alipoingia miombo ya Unyamwezi alizungukwa na magome yenye nyuzi, nyasi ndefu, na uyoga wa magogo kila upande. Mwenye kujua alichukua alichokihitaji na kukitia mkobani kabla ya mvua, kwa kuwa kiwashio kilicholowa hakina faida kwa mtu.

Walioutumia duniani

Ushahidi wa zamani zaidi unaojulikana sana umetoka mbali na kwetu. Mwaka 1991, katika milima ya Alps mpakani mwa Austria na Italia, ulipatikana mwili wa mtu aliyekufa miaka 5,300 hivi iliyopita, ukahifadhiwa na barafu. Katika mkoba wake vilikutwa vipande vya uyoga wa mti vilivyoandaliwa, navyo vilikuwa na chembechembe za jiwe la madini linalotoa cheche. Mtu yule alikuwa msafiri, na alikuwa amebeba kiwashio chake.

Uyoga wake ni ule unaoitwa na wataalamu Fomes fomentarius, unaoota katika nchi za baridi za kaskazini, na katika misitu yetu haumo. Huko Ulaya palikuwa na mafundi waliouandaa kwa kuuza. Walikata tabaka laini la ndani, wakaliloweka au kulichemsha katika maji ya majivu au ya shura, wakalipondaponda kwa nyundo ya mti hadi likawa kama ngozi laini, kisha wakalikausha. Kitambaa hicho cha uyoga kilipokea cheche moja tu ya gumegume. Kilitumika pia kuzuia damu katika majeraha, na katika kijiji cha Corund nchini Romania mafundi wangali wakishona kofia kwa uyoga huo.

Kilichouondoa uyoga mifukoni mwa watu ni kiberiti. Njiti ya kwanza ya kuwashwa kwa kusugua ilitengenezwa na Mwingereza John Walker katika miaka ya 1820. Neno letu lenyewe, kiberiti, limetokana na Kiarabu kibriit, maana yake madini ya salfa, na Waswahili walilitumia kwa madini hayo kabla ya kulitumia kwa njiti. Reli ya Kati nayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Misafara ya miguu ikafifia, na bidhaa za dukani zikaingia kwa urahisi. Kizazi kimoja kikaacha kupekecha, na kilichofuata hakikupata cha kuona.

Kuomba moto kwa jirani

Hata baada ya kiberiti kufika, familia nyingi hazikukitumia ovyo. Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka kutumwa na mama alfajiri kwenda nyumba ya jirani na kigae cha chungu, kuomba kaa la moto. Mtoto alibisha hodi, akasalimia, akasema alichotumwa, akarudi mbio kaa lisije likazimika. Katika safari hiyo fupi alijifunza adabu, na mama zake wawili wakajua kila mmoja ameamka salama.

Jambo hilo lina asili katika dini yetu. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kuwa Mtume (S.A.W.) amewataja Waislamu kuwa ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Na Qur'an inatusimulia Nabii Musa (A.S.) akiwa safarini na ahli yake, alipouona moto upande wa mlima, akawaambia wangoje pengine atawaletea kijinga cha moto wapate kuota. Habari hiyo imo katika Suratu Taha, Suratun Naml na Suratul Qasas. Tuzingatie kuwa alikwenda kuutafuta moto kwa ajili ya familia yake, akarudi na utume. Baba anayehangaikia joto na chakula cha watu wake yumo katika jambo tukufu.

Leo hatuombani moto tena. Kila nyumba ina chake. Tumepata wepesi, nao ni neema ya kushukuriwa, lakini mtoto wa sasa hana kisingizio cha kubisha hodi alfajiri kwa jirani. Ni wajibu wetu tumtafutie kingine.

Nyuki, msitu na moto usioonekana

Yupo mtu mmoja Tabora ambaye hakuwahi kuuacha moto wa kufuka, naye ni mrina asali. Mkoa huu ni mashuhuri kwa asali na nta, na miombo yake ndiyo malisho ya nyuki. Mrina huhitaji moshi ili nyuki watulie, wala hahitaji mwali. Mwali huwaunguza nyuki, huharibu masega, na huuweka msitu hatarini. Kitu kinachofuka polepole kinamfaa zaidi kuliko kienge cha nyasi kinachodondosha cheche. Ndiyo maana wafuga nyuki wa nchi nyingi wametumia uyoga mkavu kuwa chanzo cha moshi, na ndiyo maana bomba la moshi la kisasa limetengenezwa ili kuufungia moto ndani ya kopo.

Lakini sifa ile ile ya uyoga ndiyo hatari yake. Kipande kinachoonekana kimezimika huenda kina doa jekundu ndani. Ukikitupa kichakani mwezi wa Septemba, nyasi zikiwa zimekauka na upepo ukivuma, hutakuwapo utakapozuka moto. Miombo huungua kila mwaka, na mioto mingi huanzishwa na watu: wanaosafisha mashamba, wachoma mkaa, wawindaji, na baadhi ya warina asali wasio waangalifu. Maua yakiungua, nyuki hukosa chakula, na anayeanza kuumia ni mrina mwenyewe.

Kwa hiyo kanuni ya uyoga wa gogo ni moja, na haina ruhusa: usiufukie kwa udongo ukadhani umezimika. Utumbukize wote katika maji, uuvunje vipande, uguse kila kipande kwa kidole mpaka uhakikishe kimepoa.

Kaa lisilo na mwali ndani ya nyumba

Jambo hili linatufikisha kwenye kina mama na kina baba wanaosoma ukurasa huu. Moto wa uyoga na moto wa mkaa ni wa jamaa moja. Yote miwili huungua bila mwali mkubwa, na mkaa uliokolea hautoi hata moshi. Wengi hudhani kuwa moto usio na moshi hauna madhara. Hilo ni kosa lililoua familia nyingi.

Mkaa unapoungua katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kabonimonoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na mwili ukakosa pumzi huku mtu akiendelea kuhema. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyelala hazitambui dalili hizo, na huenda asiamke. Katika miezi ya baridi familia huingiza jiko la mkaa chumbani ili kuota, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Wapagazi waliota moto wa namna hiyo hiyo ukawafaa, kwa sababu walikuwa chini ya anga wazi.

Mtume (S.A.W.) alitutanguliza katika tahadhari. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa nyumba moja ya Madina iliwaungukia wenyewe usiku, naye alipopata habari hiyo akawaeleza watu kuwa moto ni adui yao, na akawaamuru wauzime wanapolala. Amri hiyo ina hekima kwa mwali unaoonekana na kwa kaa lisiloonekana hatari yake.

Basi na iwe sheria ya nyumba: jiko la mkaa halilali ndani na watu. Liwashwe nje, litumike penye hewa ya kutosha, na litolewe nje kabla ya kulala hata kama linaonekana limekuwa majivu. Akikutwa mtu amezidiwa, fungueni milango, mtoeni kwenye hewa safi, na mpelekeni hospitali bila kuchelewa. Maziwa na dawa za nyumbani havina nafasi hapa.

Kuwafundisha watoto

Tunaamini elimu ya upekecho na uyoga wa gogo inafaa kurudishwa kwa watoto wetu, katika likizo, madrasa na safari za shule. Mtoto aliyetoka jasho akiitafuta chembe moja ya moto hauchezei moto tena. Wenye kutaka kujaribu wazingatie haya.

Kazi ifanyike nje, mahali palipofagiwa hadi udongo, na ndoo ya maji iwe karibu. Asikosekane mtu mzima, na isifanywe msituni wakati wa kiangazi wala siku ya upepo. Uchukuliwe uyoga mgumu uliokwisha kukauka kwenye gogo lililokufa, ukatwe vipande vyembamba, uanikwe juani siku kadhaa, kisha sehemu ya ndani ikwanguliwe mpaka iwe kama pamba. Si kila aina hushika moto vizuri, na kujaribu ni sehemu ya somo. Watoto wasikae kwenye moshi wake wala kuvuta vumbi lake, na mwenye pumu akae mbali. Mwisho, waambiwe waziwazi kuwa uyoga wowote wasioufahamu hauonjwi. Uyoga wenye sumu upo msituni pamoja na ule wa kuliwa, na kuupika hakuiondoi sumu yake.

Kisha, kabla moto haujazimwa kwa maji, wasomewe zile aya tatu za Suratul Waaqi'ah. Wataiona ile chembe nyekundu, ndogo kuliko punje ya mtama, iliyotoka katika mti mkavu na kulelewa na uyoga uliokufa, nao watamjua aliyeumba vyote viwili. Kwa wazee wa Tabora, Sikonge, Urambo, Uyui na kwingineko ambao bado mnajua kupekecha, tunawaomba muwaite wajukuu zenu msimu huu, mkawaonyeshe kwa mikono yenu. Elimu hii haikuandikwa vitabuni kwa ukamilifu wake, nanyi ndio mlioibeba.

Wabillahi tawfiiq.